Mbwa wa Malkia Kwenye Meza ya Msiba

Tangu nirudi, kila mtu wa mtaa wetu wa Beechmont anayenikuta kituo cha basi ananishika mkono, anainamisha kichwa, anasema pole sana Mama Aline, na kabla sijaitikia anashusha sauti: "Na ile habari ya mbwa, ni kweli?" Haya. Ni kweli. Nimechoka kuisimulia vipande vipande huku basi langu likinipita, na nimechoka zaidi kuisikia ikinirudia ikiwa imeongezwa chumvi na pilipili. Naiandika yote hapa. Mkae mkaisome, halafu mniache nimlilie kaka yangu.

Ya tikiti na ruhusa ya kazini nayaruka. Hakuna aliyeniuliza hayo.

Louisville

Mnajua nilikuwa nikimtunza bibi mmoja wa Kimarekani, Bibi Dorothy. Kuta za nyumba yake zilijaa mbwa. Si mbwa wake, yeye hakufuga hata paka. Walikuwa mbwa wa wafalme na malkia wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, picha za kuchapwa kwa wino mweusi, kila moja ndani ya fremu yake na kioo chake. Mbwa mdogo mwenye masikio marefu kalala juu ya mto wa hariri. Mbwa kakaa na kasuku. Mbwa mwenye manyoya mpaka huoni macho yako wapi. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuwafuta vumbi, na nilikuwa nawafuta huku nasonya. Kwetu watu wanalala njaa, hawa wanalalia hariri!

Bibi alipenda kunieleza. Mchoraji alimchora mbwa kwa rangi, mle mle ndani ya jumba la malkia. Kisha fundi mwingine akachukua bamba la shaba au la chuma akaanza kulichimba mstari kwa mstari, nukta kwa nukta, unywele mmoja mmoja, tena kinyumenyume, kwa sababu karatasi ikigandamizwa juu ya bamba kila kitu kinageuka upande. Fundi angeweza kukaa na mbwa mmoja miezi na miezi. Picha zikatoka nyingi, zikauzwa kwa watu wa kawaida. Watu ambao hawatamwona malkia maisha yao yote wakanunua mbwa wake wakamtundika sebuleni.

Kulikuwa na picha moja ambayo sikuwahi kuisonya. Mbwa mweusi, mwembamba, kifua kirefu, miguu kama ya swala, amesimama kando ya kiti. Juu ya kiti kuna kofia na fimbo. Mwenyewe hayupo. Bibi alisema alikuwa mbwa wa mume wa malkia, na kwamba anatazama mlango alioupitia bwana wake akaondoka. Nilikuwa nikifika kwenye picha hiyo nafuta polepole, kisha naenda kuosha vyombo.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Baba yetu, kule Bushi, Kongo, alikuwa mtunza mbwa wa mwami, yaani mfalme wetu. Mbwa wa kuwinda, wembamba, hawabweki, wanafungwa kengele ya mti shingoni ili wawindaji wajue walipo porini. Wengine walitucheka: watoto wa mlisha mbwa. Baba hakujali. Alisema mwami ana washauri wengi wa kumdanganya, lakini mbwa wake hawajamdanganya hata siku moja.

Tulipokimbia vita, mbwa mmoja alitufuata. Njiani watu walikuwa wengi, tunasukumana, kukapigwa risasi, baba akaanguka. Kaka Deo akanishika mkono akanivuta. Tuligeuka mara moja tu. Kofia ya baba ilikuwa imeruka ikaanguka katikati ya njia, na mbwa amesimama kando yake, hakimbii. Basi. Hatukumzika. Tulivuka ziwa, tukakulia kambini Kigoma, tukaletwa huku Marekani, yeye Buffalo mimi Louisville, na kaka hakuitaja siku ile tena. Picha ya baba hatuna hata moja.

Bibi Dorothy alipohamishiwa kwenye nyumba ya wazee aliniambia nichague picha moja niondoke nayo. Mnajua niliyoichagua. Wakati huo kaka alikuwa anaumwa ini, madaktari wameshanyoosha mikono. Nikampigia nikamweleza picha ilivyo.

"Kofia iko juu ya kiti?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Na ule mbwa anaangalia wapi?"

"Mlangoni, kaka."

Akahema. "Uniletee, mudogo yangu. Minataka niione na macho yangu mbele nikufe."

Kwa hiyo anayesema nilienda Buffalo kupeleka mbwa kwenye msiba, ajue. Nilienda kumwonyesha mtu aliye hai kitu alichokiomba, na nilitaka nimkute.

Basi la Columbus

Niliifunga ile fremu kwa blanketi, juu nikazungushia kitenge kipya, nikaifunga kamba. Mkono wa pili nilikuwa na sombe, kisamvu chetu, niliyoigandisha kwenye ndoo ndogo, kwa sababu kaka alisema majani ya huko Buffalo hayana ladha. Ilikuwa Februari ya mwaka 2015, na mnakumbuka baridi ile ilivyotutesa.

Dereva alitaka fremu iende chini na mizigo. Nikasema hapana. Akasema ni sheria. Nikasema hapana tena, safari hii kwa Kiswahili, na kwa sauti. Akanitazama, akatazama foleni nyuma yangu, akanipungia mkono nipande. Nikaipakata kama mtoto.

Jirani yangu alikuwa kijana wa Kizungu aliyebeba vitu vyake vyote kwenye mfuko wa wavu. Nguo zake hazikufaa kwa baridi, viatu vyake havikuwa na kamba. Aliniambia bila kuulizwa kwamba ametoka gerezani asubuhi ile na anakwenda kwa mama yake. Nikamuuliza mama anajua? Akasema hapana, namba yake imebadilika. Nilimpa chapati. Aliila kwa adabu, akikusanya makombo kwenye kiganja. Heta ya basi iliharibika kabla ya Cincinnati tukakaa pale kwenye maegesho tukipumua mvuke, na mimi nilipokwenda msalani alinishikia fremu yangu kwa mikono miwili, wima, wala hakuiegemeza popote. Sijui kama alimkuta mama yake. Watu wa basi ndivyo walivyo, unakutana nao kwenye shida, kisha mlango unafunguka hamwonani tena.

Columbus

Pale Columbus wakatuambia basi la Buffalo haliendi. Theluji imefunga njia ya kaskazini. Lini litaenda? Hawajui. Walitamka hivyo wakiwa wanakunywa kahawa.

Nilikaa sakafuni nikapiga simu Buffalo. Wifi yangu, Mama Ombeni, akaniambia, "Anakunywa kidogo uji. Anakuuliza." Nikampigia Aline nyumbani. Mnamjua mwanangu, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini siku ile alihangaika kama mtu mzima. Kupitia kwa watu na watu wao akanitafutia familia ya Watanzania, Bwana Hamidu, anayesoma uhandisi chuo kikuu, na mkewe Bi Zuhura. Hamidu alikuja kunichukua mwenyewe, anateleza kwenye barafu, anacheka, ananiita dada.

Ndani ya gari akauliza nimebeba nini. Nikasema picha. Ya nani? Nikasema ya mbwa wa malkia. Akakohoa kidogo. Tulipofika mlangoni akasimama.

"Dada yangu, samahani sana, usinielewe vibaya. Humu ndani sisi tunaswali. Picha ya mbwa... naomba ikae hapa barazani. Nitaifunika vizuri."

Moyo uliniuma. Nilifika kwa mtu nikiwa sina pa kulala, ningesema nini? Nilisema hakuna tabu, nikaingia, nikamwacha mbwa wa malkia nje kwenye theluji pamoja na koleo na magurudumu ya gari. Bi Zuhura akaniandalia wali wa nazi na samaki. Mimi nazi hainikai tumboni, mnanijua. Nilikula vijiko viwili, yeye akadhani namwonea aibu, akaniongezea. Nikala vijiko vingine viwili kwa ajili ya heshima. Nililala nikimsemea Hamidu maneno ambayo siyaandiki.

Asubuhi wakati wa chai simu yake ililia. Aliisikiliza, akatoka nje nayo, akakaa huko. Aliporudi alikuwa ameshika fremu yangu. Aliiingiza sebuleni, akachukua taulo, akaifuta theluji kwenye pembe zote nne, akaiegemeza ukutani mahali pazuri. Nikajisemea, Mungu amemgusa.

Mchana Bi Zuhura akasonga ugali bila mimi kuomba. Alikaa karibu yangu, goti kwa goti. "Kula dada yangu, safari bado ndefu." Aliomba aione picha. Nikafungua kamba, nikamweleza habari ya baba na kofia. Alilia mpaka akakimbilia jikoni, na mimi nikashangaa, jamani, hawa Watanzania wana mioyo laini namna hii! Nikaanza mimi kumbembeleza yeye.

Simu yangu ilikuwa kwenye chaji. Kila nikiiulizia, naambiwa iko kwenye chaji. Nikaomba ya Hamidu nimpigie wifi, akapokea Papa Zabuloni, mzee wa kanisa lao la kule. Alisema, "Mama Aline, weye kuya tu, pole pole. Usikimbie." Nikauliza kaka amekula? Akasema, "Bon, tutaongea ukifika."

Mmeshajua. Mimi tu ndiye sikujua. Kaka alikuwa amefariki alfajiri ile, na desturi yetu ni kwamba aliye njiani haambiwi msiba, asije akaanguka kwa wageni. Na nyinyi hapa Louisville mlijua! Mama Riziki alinipigia kwenye simu ya Zuhura kuniuliza kama nimeshiba. Mama Riziki, mtu ambaye hata salamu yake huitoa kwa kipimo. Hapo ningeshtuka, lakini binadamu asichotaka kukijua, hakijui. Sijui kama niwashukuru au niwalaumu. Najua tu kwamba mchana ule kaka yangu alikuwa maiti na mimi nilikuwa nakula ugali, nacheka hadithi za Hamidu.

Basi lilipopatikana Hamidu alinisindikiza mpaka ngazini. Alinikabidhi fremu kwa mkono wa kulia, akasema Mungu akutangulie. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikadhani ni baridi.

Buffalo

Ziwa la huko sikuliona. Dirisha lilikuwa jeupe njia nzima. Nilikuwa najipangia maneno: kwanza nitampa sombe, kisha nitamkalisha, mito miwili mgongoni, ndipo nifungue. Nilipanga hata taa iwe upande gani, isimulike kwenye kioo.

Kijana wa kanisa alinipokea stendi. Hakuwasha redio. Tukaingia mtaa wa Black Rock, zile nyumba za mbao zimebanana, moshi unatoka, na mbele ya nyumba ya kaka magari yamepangwa pande zote mbili. Sikuelewa bado. Nilipopanda baraza nikaona viatu. Mabuti ya theluji, ya wanaume, ya wanawake, ya watoto, yamerundikana mpaka mlango hauwezi kufunguka vizuri. Mgonjwa hatembelewi na viatu vingi hivyo. Hapo nikajua.

Wanawake walinidaka. Kila mtu alikuwa analia jina la kaka na jina langu pamoja. Walinipokonya vitu mikononi, sombe ikaenda jikoni, na mimi nikalazwa kwenye godoro walipoketi wanawake, uso chini. Sikuona fremu imekwenda wapi. Ni nani angefikiria fremu wakati kama ule?

Sasa sikilizeni, maana kosa liko hapa, na si la mtu mmoja. Mnajua kwetu msiba hauna uso mpaka picha ya marehemu iwekwe juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, na maua. Kaka Deo alichukia kupigwa picha. Iliyokuwepo ni ile ya kitambulisho cha kiwandani tu, amekunja uso kama mtu aliyekamatwa. Walikuwa wameaibika kuiweka. Wakaambiana, tumngoje dada yake wa Louisville, aliyenyonya naye ziwa moja, yeye hatakosa picha ya ujana. Na dada akatokea, amekumbatia fremu iliyofungwa kwa kitenge kipya. Ungekuwa wewe ungefikiria nini? Papa Zabuloni aliipokea kwa mikono miwili akaisimamisha juu ya kitambaa cheupe, bila kuifungua, ili ifunuliwe wakati wa maombi.

Wakaimba. Wakasoma neno. Mimi bado uso uko kwenye godoro. Nikamsikia Papa Zabuloni anasema, "Bon, bandugu, sasa tufunue sura ya marehemu wetu." Nikasikia kamba inakatwa. Nilinyanyua kichwa nikiwa nimechelewa.

Kitenge kilianguka. Mbwa akasimama pale katikati ya maua.

Kisha mama mmoja akasema "Yesu!" na chumba kizima kikalipuka. Kwetu ukimwita mtu mbwa mnashikana mashati, na pale ni mbele ya kanisa, mbele ya mjane. Papa Zabuloni alirudi nyuma kama aliyeungua. "Donc hii njo heshima? Marehemu iko mbwa?"

Mama Ombeni alisimama. Alikuwa amefungwa kitambaa cheusi kichwani, ameisha mwili. "Mama Aline. Nilikukoseaka nini? Bwana yangu hajazikwa, unamuletea mbwa ku meza yake?"

Nikasimama, nimeshika ukuta. Nikasema yote. Baba, mbwa wa mwami, njia, risasi, kofia. Nikasema kaka mwenyewe ndiye aliyeomba picha hii, aione kabla hajafa. Nilidhani nikimaliza watanielewa. Kelele zilizimika kweli. Lakini wifi alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo nikifumba yangu nayaona.

"Aliniambiaka baba yake alikufa ku kitanda," alisema. "Bakamuzika na ngoma, mwami alituma watu. Miaka yote ya ndoa yetu njo ile alinielezaka. Sasa unakuja kumufanya muongo, na yeye hawezi tena kujitetea."

Neema, binti yao mkubwa, akaniuliza kwa Kiingereza kama ni kweli babu yao aliachwa njiani.

Picha ikaondolewa. Mtu aliitia nyuma ya magunia ya mchele jikoni. Juu ya kitambaa cheupe wakaweka kile kitambulisho cha kiwandani. Tangu hapo wifi hakunisemesha. Nilikula na wageni, nikalala na wageni. Wanawake walinipitishia chai bila kunitazama. Nilimkasirikia sana kaka. Kwa nini hukumwambia mkeo? Kisha nakumbuka kwamba na mimi sijawahi kumwambia Aline, hasira inapoa, yanabaki machozi.

Riverside

Wamarekani wana nyumba wanakoweka maiti ili watu wamuage kabla ya kaburi. Ya kwetu ilikuwa mtaa wa Riverside, chumba chenye zulia zito na harufu ya maua ya dukani. Familia ilipewa muda wake kwanza, kabla ya kanisa kuingia. Asubuhi ile nilikwenda jikoni, nikatoa fremu nyuma ya mchele, nikaivika koti langu. Sikumwomba mtu ruhusa. Nimeshatengwa tayari, watanifanya nini tena?

Nilingoja mpaka wote wameaga wamekwenda kukaa viti vya nyuma. Nikasogea. Kaka alikuwa amevaa suti inayomzidi. Uso wake walikuwa wameulainisha, hana kunyanzi, amekuwa mtu ambaye hajawahi kuona kitu kibaya. Nikavua koti kwenye fremu nikaiinua juu ya kifua chake.

"Kaka, nimeileta," nilisema. "Nilicheleweshwa na theluji. Kofia hii hapa. Fimbo hii. Ona miguu yake ilivyo myembamba, ni kama wa kwetu, amekosa kengele tu. Anatazama mlangoni, kama nilivyokwambia."

Kile kioo ni kizito, na mimi nilikuwa sijala sawasawa tangu Columbus. Fremu ikaanza kushuka yenyewe, kidogo kidogo, mpaka ikagusa ukingo wa jeneza. Nikasikia hatua kwenye zulia nyuma yangu. Nikajua wamekuja kuniondoa.

Alikuwa wifi, peke yake. Siku ile ya meza alikuwa ameona mbwa tu, sasa ndiyo kwanza anaitazama picha. Alimtazama mbwa, akatazama kiti, macho yake yakatulia kwenye ile kofia.

"Ya baba yenu ilikuwa rangi gani?" aliniuliza.

"Ya kahawia. Ilikuwa na tundu upande mmoja."

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamdondoka na wala hayafuti. Kisha akapita upande wa pili wa jeneza, akashika ile pembe ya fremu iliyokuwa imelala chini.

"Inua," alisema. "Pale haoni."

Tukainua.